Ile Chila Niliyoiita Pankeki

Mtoto wa kaka yangu alisimama mbele ya seredani, kijiko bapa cha kugeuzia chapati mkononi, hapepesi jicho. Ilikuwa likizo ya Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mama alikuwa ameketi kwenye kibao chake anakamua tui la pili. Juu ya chuma, chila ya kwanza, mkate wetu wa mchele na tui la nazi, ilianza kutoa macho. Tundu moja likafumbuka pembeni, likaja la pili, kisha uso mzima ukawa kama sega la nyuki.

"Shangazi, hii ni pankeki?"

Nilikuwa nasuuza vikombe. Sikugeuka.

"Ndiyo, pankeki."

Akaigeuza.

Nilisikia kabla sijaona: rojo ambalo halijashikana likigusa chuma cha moto, tsss, kisha kimya. Mama akainua kichwa, akatazama, asiseme neno. Ile chila ilipotoka ilikuwa imebanwa kama karatasi iliyolowa, macho yote yamezibwa, kahawia pande mbili. Mama akaivuta sahani kwake kabla mtu hajaiona vizuri, akaimega, akala hivyo hivyo bila tui.

"Imeiva," akamwambia mjukuu wake. "Tia nyingine."

Ya pili niliimimina mimi, nikaifunika kwa kifuniko cha sufuria, na hakuna aliyeuliza kitu. Tukanywa chai. Mtoto akala tano.

## Jibu la haraka

Alirudi Nairobi wiki ile ile, nami nikabaki hapa Lamu na lile "ndiyo". Lilinijia nikiwa sokoni nachagua nazi. Lilinijia nikikunja nguo. Usiku feni ikikatika kwa umeme kupotea, badala ya kulalamikia joto najikuta nalisikia tena, "Ndiyo, pankeki," kwa sauti yangu mwenyewe, sauti ya mtu ambaye mikono yake imo kwenye maji na akili iko kwengine.

Nilijaribu kulifukuza. Ni chila moja tu, haikumdhuru mtu, na mtoto wa miaka kumi na moja ana haki ya kuharibu kitu jikoni. Lakini kila nikilirudia naona mtoto hakuharibu. Aliuliza vizuri, tena aliuliza kwa wakati wake, kabla hajatia mkono. Kwao pankeki ni unga wa ngano, yai, maziwa na sukari. Unamimina nyembamba, ukiona kingo zimekauka na katikati hapana tena umaji, unageuza. Ndivyo mama yake anavyopika. Mimi nikamwambia hii ndiyo ile. Akafanya kama ile inavyofanywa.

Neno langu ndilo lililoigeuza ile chila.

Tangu hapo nikaanza kuyasikiliza majina ya vyakula vyetu vya asubuhi, majina ambayo nimeyatamka maisha yangu yote bila kuyapa masikio. Mkate wa kumimina. Mkate wa sinia. Chapati ya kusukuma. Chapati ya maji. Mkono wa mpishi umo ndani ya jina. Ukisikia kusukuma, unajua donge liwe la kuhimili kusukumwa, na utafute kibao. Ukisikia kumimina, unajua donge halipo. Hata mgeni asiyewahi kuonja ana pa kuanzia. Chila haikupewa bahati hiyo. Jina lake ni fupi na halina kitenzi, kwa hiyo inamtegemea mtu aliye karibu aseme kwa mdomo wake: hii haigeuzwi.

Na mtu aliye karibu nilikuwa mimi.

## Ubao wa Malindi

Haikuwa mara yangu ya kwanza. Hili ndilo lililonikosesha usingizi hasa, na imenichukua siku nyingi kulikubali.

Miaka ya nyuma nilifanya kazi jikoni katika nyumba ndogo ya wageni Malindi. Wageni wetu wengi walikuwa Waitaliano, na asubuhi walitaka kahawa na kitu chepesi. Mpishi wetu alikuwa hodari wa krespele, zile chapati zao nyembamba za yai, na kwake nilijifunza jambo ambalo natumia mpaka leo: ukishakoroga rojo la ngano, liache nusu saa kabla ya kupika. Unga unakunywa maji, na ile gluteni, protini ya ngano inayovutika, iliyokazwa na kukoroga inalegea. Ukipika papo hapo, chapati inavuta kama mpira.

Siku moja mwenye nyumba akataka chakula cha kwetu kiandikwe kwenye ubao wa kiamshakinywa. Nikataja chila. Akaniuliza tuandikeje ili mgeni aelewe. Nikachukua chaki, nikaandika kwa lugha yao maneno yenye maana ya "pankeki za Kiswahili". Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilidhani nimekifungulia chakula chetu mlango.

Wageni wakaagiza. Kisha sahani zikaanza kurudi. Hazijaiva juu, walisema, mbona nyeupe? Mpishi hakutaka ugomvi asubuhi, akawa anazigeuza kidogo tu zipate rangi. Halafu wakasema ni nzito, akapunguza mchele akaongeza ngano. Halafu tui likaonekana linalowesha sahani, tukaweka asali. Baada ya miezi miwili hivi tulikuwa tunapika kitu cha ngano chenye harufu ya iliki, kahawia juu na chini, na ubaoni jina lilikuwa lile lile la chaki yangu.

Hakuna aliyelalamika tena. Wakati ule nilifurahi kwa hilo.

Sasa nikilikumbuka naona kila badiliko lilikuwa la haki. Mtu aliyeahidiwa pankeki anadai pankeki. Mgeni hakutulazimisha kitu. Sisi ndio tuliotia ahadi ubaoni, tukawa tunailipa kidogo kidogo kwa mchele na tui, mpaka deni likaisha na chila ikaisha nalo.

## Jumamosi za unga

Wiki ya tatu nikaona nisipofanya kitu nitabaki kunung'unika moyoni. Nikaamua kila Jumamosi nipike aina moja kwa utulivu, bila kuongea na mtu, nitazame tu namna inavyoiva.

Nilianza na zile nene za Kimarekani ambazo vijana wetu wanaziona kwenye simu. Vikombe viwili vya unga, vijiko vinne vya chai vya beking pauda, mayai mawili, maziwa, siagi iliyoyeyushwa. Beking pauda ni magadi na asidi kavu vimewekwa pamoja vikingoja maji. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, alitengeneza ya kwake mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe ambaye hamira ilikuwa haimkubali, na nilipolijua hilo nikaipenda beking pauda kidogo zaidi. Nyingi za leo hufanya kazi mara mbili, zikilowa na zikipata moto. Kwa hiyo ukishakoroga usikae, na usikoroge mpaka vidonge vyote viishe. Mimi kwa mazoea ya chapati za maji nilikoroga mpaka vikaisha, na zikatoka za kutafunwa kwa taabu.

Lakini kabla hazijatoka niliona kitu kikanisimamisha.

Pankeki nene nayo hutoa macho. Viputo vinapanda, vinapasuka, vinaacha tundu lisilojifunga, na kila anayezipika atakwambia tundu hilo ndilo saa ya kugeuza. Ukigeuza mapema linachuruzika, ukichelewa inakauka. Kwenye chila, tundu hilo hilo ndilo saa ya kufunika na kuondoa mkono.

Alama moja, amri mbili. Mtoto aliiona alama, akauliza ni ya nani.

Nilikaa chini pale jikoni, kijiko mkononi, mpaka ile iliyokuwa kwenye kikaango ikaungua.

Jumamosi ya pili nilipika chapati za maji, na hizo sina mengi ya kueleza kwa msomaji wa pwani. Naziweka chumvi, kitunguu kilichokatwa laini, dhania, na pilipili moja ya kuwasha. Unga unaanza na maji kidogo uwe uji mzito, unaukoroga ukiwa mzito mpaka ulainike, ndipo unaongeza maji mengine na yai. Ukimwaga maji yote mara moja utafukuzana na vidonge mpaka jua lichomoze. Chuma nakipaka mafuta kwa nusu ya kitunguu niliyoichoma kwenye uma. Ya kwanza hushika kila mara kwa sababu chuma hakijapata moto sawasawa. Na inageuzwa mara moja tu. Nikimwona mtu anageuza mara tatu huwa namnyang'anya kijiko.

Jumamosi ya tatu jirani yetu, ambaye mamake ni Msomali, alinikaribisha kwake nitazame anjera. Rojo lake lilikuwa limelala usiku kucha. Alichota upawa, akamimina katikati ya chuma, kisha kwa kitako cha upawa ule ule akachora duara, duara, duara, akitoka katikati kwenda ukingoni, mpaka ikajaa mistari kama maji uliyoyatupia jiwe. Nikanyoosha mkono kuchukua kijiko.

"Hii haigeuzwi," akanambia.

Sikuwa nimeuliza. Alisema tu, kwa wepesi, huku anafunika, kama mtu anavyomwambia mgeni angalia ngazi. Tukaila na mafuta ya simsim na sukari, chai pembeni. Na Ethiopia nako, injera yao ya unga wa tefu, ambayo rojo lake huachwa lichache kwa siku kadhaa, hupikwa upande mmoja. Kwa hiyo chila ina jamaa zake, tena hawako mbali na sisi hapa Lamu. Ni mimi niliyekwenda kuitafutia jamaa Marekani.

## Chila ikanikatalia

Nilidhani Jumamosi ya nne itakuwa ya mapumziko. Chila nimeila tangu sijaota meno. Nilipoanza kupima mchele ndipo nikagundua sijawahi kuipika mwanzo hadi mwisho peke yangu. Nimemimina chila mia kwa mia, nimekuna nazi, nimechuja tui, nimetwanga iliki. Rojo lenyewe siku zote lilikuwa la mama. Nikiamka nalikuta liko tayari chini ya sahani.

Kwa hiyo la kwanza nililikosea kwa pupa. Nilinunua unga wa mchele wa dukani nisisumbuke kulowesha. Zikatoka nyembamba, bapa, na chini ya meno kuna mchangamchanga. Mchele uliolala ndani ya maji usiku kucha umekunywa mpaka moyoni, ukisagwa unalainika wote. Unga mkavu umelowa juu tu, ndani bado ni punje.

La pili nililowesha mchele kama inavyopasa, vikombe viwili vya mchele wa kawaida. Mama hatumii pishori kwenye chila. Anaona ni hasara kusaga mchele wenye harufu yake halafu ukautia iliki. Nikasaga kwenye blenda pamoja na konzi ya wali uliobaki jana, maana ule wali ndio unaolifunga rojo lisitengane. Tui lilikuwa la baridi kutoka kwenye friji, nikalipasha. Nikapasha kupita kiasi, nikalimimina juu ya hamira. Hamira ni kiumbe hai, na ikikaribia nyuzi 60 inakufa. Nilisubiri saa mbili, saa tatu. Rojo lilikaa kama nilivyoliacha, tulivu, bila hata kiputo. Siku hizi nachovya kidole kwanza: tui liwe vuguvugu la kumwogesha mtoto mchanga.

La tatu niliogopa kukosa muda, nikalitia hamira usiku nikalala. Usiku wa Aprili na Mei hapa hauteremki sana chini ya nyuzi 25. Alfajiri nilikuta bakuli limefurika, rojo limeteremka mezani mpaka sakafuni, harufu ya uchachu imejaa jiko. Nilitaka kumwaga. Mama akaja kabla ya swala, akanusa, akaniambia nilete magadi kidogo sana, yaliyokaa kwenye ncha ya kisu. Akatia na sukari, akakoroga. Rojo likatoa povu jingi papo hapo, uchachu ukakutana na magadi. Chila za siku hiyo zililika, lakini mama alisema wazi kwamba hiyo ni dawa na mtu haishi kwa dawa.

La nne likakubali. Mchele umelala usiku bila hamira. Asubuhi nikasaga, nikatia kijiko kimoja cha chai cha hamira, sukari, iliki, tui vuguvugu. Saa moja na nusu. Nilipofunua niliona rojo limepanda kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi, na ukisogeza sikio unasikia kimchakacho kidogo, kama mvua ya mbali kwenye makuti.

Nilichukua chila moja nikaikata katikati kwa kisu, jambo ambalo katika miaka yote hiyo sikuwahi kulifanya.

Ndani ina mifereji. Macho yale si madoa ya juu tu. Kila moja ni mdomo wa mfereji unaoshuka wima mpaka karibu na chini. Mchele hauna gluteni ya kuishika hewa kama ngano, kwa hiyo hewa ya hamira ikipata moto inapanda moja kwa moja, inajichimbia njia, na wanga wa mchele unashikana kando ya njia ile kadiri joto linavyopanda kutoka chini. Kifuniko kinaleta mvuke wa kuivisha juu bila kugusa. Ukigeuza katikati ya kazi hiyo, uso ulio bado maji unaanguka kwenye chuma, na milango yote inafungwa.

Nikamimina tui zito lenye sukari juu ya kile kipande. Likashuka ndani, lote, nikaliona likitokeza kwenye ubavu niliokata. Nikachukua nyingine, nikaigeuza makusudi, nikaimiminia tui lile lile. Likateleza juu, likazunguka sahani, likakaa huko.

Macho ni ya tui. Ndiyo maana kule Malindi lililowesha sahani na tukaona afadhali asali. Sisi wenyewe ndio tulioliondolea pa kwenda.

## Aliyonambia mama

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumeketi, sahani ziko bado hazijaondolewa, anachambua dengu.

"Mama, mtoto alipokuja nilimwambia chila ni pankeki."

"Nilisikia."

"Mbona hukunirekebisha?"

"Nikurekebishe mbele ya mtoto?" Akatupa kijiwe pembeni. "Ningemvunjia shangazi wake."

Nikamweleza yote niliyokuwa nayo: majina na vitenzi vyake, ubao wa Malindi, mifereji, tui. Nilikuwa na jazba. Nilimwambia jina la chakula lina maagizo ndani yake, ukilibadili jina umebadili mkono wa mpishi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kisha akaniuliza swali moja.

"Na chila lenyewe ni jina la nani?"

Sikuelewa.

"Wahindi wana chila yao. Ya unga wa dengu, na bizari, na kitunguu. Nimeila mara nyingi utotoni, kwa jirani." Akainua punje moja ya dengu akanionesha, kama kwamba nahitaji ushahidi. "Wao wanaigeuza."

Hapo nikanyamaza.

Nilifahamu kwamba chila ya dengu ipo. Nilikuwa sijaweka mbili mbili pamoja. Ikiwa jina lilivuka bahari kwa upepo wa kaskazi, basi lilifika na amri yake ya kugeuza, na kuna mwanamke fulani wa pwani hii, ambaye hakuna atakayemjua, aliambiwa "chila" akiwa na mchele na nazi mbele yake, na hakugeuza. Alilichukua jina akaiacha amri. Chapati nayo hivyo hivyo, tumeifanya yetu, tukaitilia maji, tukaisukuma na samli mpaka mwenyewe asiitambue. Kama nayatetea majina kwa sababu yana maagizo, hili la kwetu linanikana. Na kama yule mwanamke alikuwa na haki, kwa nini mpishi wangu wa Malindi asiwe nayo?

Nimelizungusha swali hilo siku nyingi, na makala hii imechelewa kwa ajili yake. Ninachokiona mpaka sasa ni kwamba yule mwanamke alibadili akiwa anapikia watu watakaokaa. Kama tui halikushuka, mumewe angesema, mama mkwe angesema, watoto wangesema, kesho na kesho kutwa, mpaka akalipatia. Sisi tulibadili kwa ajili ya watu wanaoondoka Ijumaa. Hakuna aliyekaa meza ile muda wa kutosha kuuliza tui limekwenda wapi. Lakini hata hilo nalisema kwa moyo mzito, maana wapo wageni walioishi Malindi miaka na miaka kuliko mimi, na huenda mmoja wao angeipenda chila kama ilivyo, laiti ningeiandika ubaoni ilivyo na kumwambia kwa mdomo inaliwaje.

Hilo la mdomo ndilo sikulifanya. Wala Malindi, wala nyumbani.

## Ujumbe

Jioni ile nilichukua simu nikarekodi ujumbe wa sauti kwenda kwa kaka yangu, ampe mtoto. Nikafuta, nikarekodi tena. Mwishowe nikasema hivi: ile uliyokula kwa Nyanya inaitwa chila, haigeuzwi, na siku ile ulipouliza nilikujibu vibaya kwa sababu sikukutazama. Nisamehe.

Jibu lilikuja kesho yake, sauti nyembamba, kelele za basi la shule nyuma.

"Shangazi, nilijua. Nyanya aliniambia siku ile ile ulipokwenda kuanika nguo. Alisema ikitoa mato niiache."

Alisema "mato", yaani macho. Kinairobi chake chote, na katikati yake neno la Kiamu, Kiswahili cha kwetu Lamu, limekaa sawasawa kama jiwe kwenye pete.

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Nilimtazama mama, ambaye hakuwa amenigusia. Hata siku niliyomwagia moyo wangu wote juu ya majina, alikuwa anajua mtoto ameshaambiwa, akaniacha nifike mwenyewe. Nilihisi faraja, na nilihisi vilevile kwamba deni langu halikulipwa na mtu mwingine kulilipa. Mtoto aliniuliza mimi.

Chini ya ujumbe ule palikuwa na mwingine, mfupi: anataka kupika Jumapili, mama yake amenunua tui la paketi, je, linafaa? Nikajibu linafaa. Halitakuwa na ule utamu wa nazi iliyokunwa sasa hivi, lakini rojo halitakataa. Nikamwandikia kila kitu: kulowesha, kusaga, konzi ya wali, kidole kwenye tui, saa moja na nusu.

Jumapili simu ikalia alfajiri, hata chai hatujateleka.

"Shangazi, nimesubiri saa moja na nusu kama ulivyosema. Rojo halijapanda. Liko vile vile."

Moyo ukanipasuka. Nikamuuliza hamira ni mpya? Mpya. Tui halikuwa la moto? Alitia kidole. Sukari ametia? Ametia. Nikawa naipekua orodha yangu nisione kosa lake, kwa sababu kosa lilikuwa langu tena. Saa moja na nusu ni ya Lamu. Kule kwao ni Juni, juu huko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku uliopita huenda ulishuka mpaka nyuzi 12. Nilimpa muda wa jiko langu, yeye yuko kwenye jiko lake.

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikampa simu.

"Hapo mlipo kuna baridi?"

"Sana, Nyanya. Nimevaa sweta mbili."

"Na rojo je, umelivisha nini?"

Kimya.

"Livishe blanketi. Bakuli lote, na kifuniko chake. Kisha uliache."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka lipande. Likipanda utalisikia. Nenda ukalale."

Hakukata simu. Tukasikia kabati likifunguliwa, kitu kizito kikiburutwa sakafuni, na sauti ya mama yake kutoka chumbani ikiuliza ni nani anayetoa mablanketi saa hizi.